Neno "gurgle" na sauti za maji: tunajibu maswali yenu

Kamusi yangu inasema "gurgle" ni kububujika. Lakini "The sink gurgled" nikiiandika "sinki lilibubujika", naona haikai. Nakosea wapi?

Hukukosea wewe. Kububujika kunaeleza mwendo: chemchemi hububujika, machozi hububujika, na machozi hayana mlio. "Gurgle" ni mlio kwanza, mlio wa maji na hewa vikipishana mahali pembamba.

Jaza chupa ya lita moja na nusu, kisha igeuze ghafla mdomo chini. Maji hayatoki mfululizo. Yakitoka kidogo, shinikizo ndani ya chupa hupungua, hewa ya nje inajipenyeza kama kiputo kikubwa, maji yanatoka tena: glu, glu, glu. Hiyo ndiyo "gurgle". Sasa ijaze upya, igeuze huku ukiizungusha mpaka maji yafanye kizingia. Hewa inapata njia yake katikati, maji yanashuka pembeni, mlio unakatika na chupa inaisha upesi zaidi. Maji ni yale yale, ila hayagombani tena na hewa.

Pwani yetu ina jina la zamani la mlio wa jamii hii: malio ya kiko, yaani kiko kile cha maji cha kuvutia tumbaku. Moshi hutoka kwenye bori (kibakuli cha tumbaku), hushuka kwa digali (mrija unaoingia majini) hadi ndani ya maji, hupanda kwa viputo, ndipo mvutaji anaupata kwenye shilamu (mrija wa kuvutia). Inasikitisha kwamba kamusi nyingi hazilikumbuki jina hilo zinapofika kwenye "gurgle". Kwa sentensi yako tungeandika "sinki lilikoroma". Kwa chupa, "maji yalitoka glu-glu-glu".

"Gurgle" na "gargle" ni neno moja lenye tahajia mbili?

Hapana, ingawa yana ujamaa. Kilatini "gurgulio" ni koo, na Kifaransa cha kale "gargouille" pia ni koo. Ndiko lilikotoka hata jina "gargoyle", zile sanamu za mawe kwenye makanisa ya kale ya Ulaya zinazotema maji ya mvua mbali na ukuta.

"Gargle" ni kusukutua koo, na mtu hufanya kwa kusudi: "Gargle with salt water." Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, inua kichwa, sukutua, tema. "Gurgle" haichukui yambwa (kitu kinachotendwa) namna hiyo, kwa hiyo "I gurgled salt water" ni kosa. Chanzo cha kosa ni matamshi. Wengi wetu Afrika Mashariki tunayatamka yote mawili "gago". Kwa "gargle" fungua mdomo kama unayetaka kusema "aa" ndefu. Kwa "gurgle" usiufungue sana, ulimi ukae katikati, kama irabu ya "bird" inavyotamkwa Uingereza.

Mwongozo wa mabomba unasema "if the drain gurgles". Nifanye nini?

Maana yake: bomba la maji machafu likikoroma. Chini ya sinki kuna kipindo cha bomba kinachobaki na maji ili kuzuia harufu. Hewa ikikosa njia nyingine, huvutwa kupitia maji hayo, na hapo una kiko kamili jikoni kwako.

Sikiliza ni wapi panapokoroma. Kama ni sinki moja tu, na maji yanashuka polepole, uchafu uko karibu. Weka ndoo chini, fungua kipindo, toa mafuta na nywele, rudisha bila kusahau mpira wake, la sivyo patavuja. Kama sinki linakoroma pale mtu anapovuta maji chooni, tazama bomba la kupumulia linalotokeza juu ya paa, huenda limeziba kwa majani au kiota. Likiwa safi, kagua chemba. Dawa ya kuzibulia haisaidii hapa, kwa sababu haifiki kwenye bomba la kupumulia. Na ukisikia harufu baada ya mkoromo, maji ya kipindo yamenyonywa. Mimina kikombe kimoja au viwili, yatarudi.

Mto nao unasemaje kwa Kiingereza?

Unategemea unavyopita. "Trickle" ni kuchuruzika, maji machache. "Babble" ni kijito juu ya mawe, sauti nyingi ndogo kama watu wanaopiga soga. "Gurgle" inafaa pale maji yanapoingia chini ya jiwe au mzizi na kumeza hewa, sauti ikawa nzito. Uzito huo una kanuni. Mwaka 1933 mwanasayansi Marcel Minnaert alionyesha kwamba kiputo kikubwa hulia kwa sauti nzito zaidi: chenye nusukipenyo cha milimita 1 hulia karibu hezi 3,260 (mitikisiko kwa sekunde), cha sentimita 1 karibu hezi 326. Kwa hiyo mwandishi anayeandika "a high, thin gurgle" anatupa shaka kidogo.

"The baby gurgled": mtoto anapaliwa?

La. Ni kichanga anayetoa zile "aguu, aguu" za raha kooni. Usitafsiri kwa kulia wala kukoroma.

Bomba langu linatona usiku kucha. Naweza kusema "gurgle"?

Hapana, hiyo ni "drip", ndo ndo ndo yetu. Lakini hewa imo hata humo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walirekodi tone kwa kamera ya kasi wakaona kwamba si kishindo cha tone kinacholia. Tone huchimba shimo dogo juu ya maji, shimo likijifunga hunasa kiputo, na mtikisiko wa kiputo hicho ndio unaotikisa uso wa maji ukakunyima usingizi. Mpaka fundi aje kubadili washa (kile kipira cha ndani ya bomba), tia sabuni ya vyombo kidogo kwenye ndoo iliyo chini ya bomba. Sabuni hulegeza uso wa maji, na mlio unakoma.