Kabati Limejaa Lenzi, Picha Hakuna

Maswali ya wasomaji kuhusu kamera na picha. Anayejibu ni mama mpiga picha wa harusi za wanawake, Langoni, Lamu.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Malindi, nafanya kazi ya mapokezi hotelini. Nina kamera mbili, lenzi tano, stendi tatu na mikoba ambayo sijaihesabu. Nikitoka zamu usiku naangalia video za watu wanaolinganisha lenzi mpaka saa nane. Uzito wa kila lenzi naujua kwa gramu. Juzi mke wangu aliniuliza, "Picha ya mwisho umepiga lini?" Nikatafuta. Ilikuwa ya paka wetu, miezi mitatu nyuma, nilipokuwa najaribu fokasi. Akasema, "Kamera zako zina kabati, nguo zangu mimi ziko sandukuni." Sasa kuna lenzi ya milimita 85 yenye f/1.4 nimeiona Mombasa, nami ninayo ya f/1.8, isiyoingiza mwanga mwingi kama ile. Ninunue? Au niuze vyote nibaki na simu? Naona kama nimepotea njia.

Mwenye Kabati, Malindi

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza mnunulie mkeo kabati. Hilo halingojei lenzi wala mshahara wa mwezi ujao.

Nilipofika pale kwenye gramu nilicheka peke yangu, kwa sababu najijua. Usiku baada ya isha natandika kanga kuukuu mkekani, natoa kamera, napuliza vumbi, nafuta vioo, halafu nabonyeza shata mara mbili tatu hivi hivi nisikie mlio wake. Picha hakuna. Raha tupu. Fundi wa majahazi kule Matondoni akikaa jioni ananoa tezo, hakuna anayemuuliza jahazi liko wapi. Kwa hiyo hujapotea njia. Unapenda vitu viwili, vyombo na picha, na umevichanganya: kila ukinunua chombo unajiambia umepiga picha.

Sitakwambia kwamba kamera si kitu, jicho ndilo kila kitu. Wanaosema hivyo nimewaona, wengi wao shingoni wamening'iniza kamera ya bei ya ng'ombe wawili. Chombo ni kitu. Ngoja nikueleze kilivyonikuta.

Miaka yangu ya mwanzo niliingia kwenye kupamba na lenzi ile iliyokuja na kamera, ya kuvuta, milimita 18 mpaka 55. Unajua kupamba: wanawake peke yao, bibi harusi amekaa kwenye kiti amejaa dhahabu na vikuba vya asumini, taa mbili za stima, na wenziwe wanamchezea ngoma. Flashi sikuitaka. Flashi ikipiga mkono wenye hina, ule wekundu unapotea, mkono unakuwa kama umemwagiwa maziwa. Lakini lenzi ile ukiivuta mpaka 55, tundu lake la mwanga halifunguki kupita f/5.6, na namba hiyo ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo. Nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, mpaka picha ikawa kama imenyunyiziwa mchanga, na bado shata ilikaa wazi moja ya kumi na tano ya sekunde, polepole mno kwa mtu anayecheza. Bibi harusi alitoka vizuri, maana hakujitikisa. Wachezaji wote walikuwa moshi. Somo wake alipoziona akaniuliza, "Hii ni harusi au tumealika mizimu?"

Picha hizo sikuonyeshi, wala za baada yake. Ni za wenyewe, na ndiyo sababu mimi huitwa.

Baada ya ile aibu ndipo nikanunua lenzi ya 50 yenye f/1.8, ya bei rahisi kuliko zote, plastiki tupu. Hesabu yake fanya nawe: 5.6 igawanye kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe. Utapata mwanga karibu mara 10. Kasi ya shata ikapanda ikapita moja ya mia ya sekunde, na mikono ya wachezaji ikawa na vidole tena. Ukiniuliza kwa nini nilinunua lenzi ile nitakutajia nyumba, nitakutajia mwezi, nitakutajia na mkono wa nani uliokuwa moshi.

Sasa hesabu hiyo hiyo fanya kwa lenzi yako ya Mombasa. 1.8 kwa 1.4, halafu zidisha. Inatoka mara 1.65. Haifiki hata mara mbili. Ni giza la wapi lililokusumbua na f/1.8 mkononi? La paka?

Usiinunue.

Wala usidhani mimi nimeongoka. Pesa za mchezo zilipofika zamu yangu, elfu 38, niliziweka zote kwenye lenzi ya 85, kwa kuwa nilikuwa nimeona picha za maharusi wa mbali, nyuso laini na taa zimekuwa viduara nyuma yao. Sikujiuliza wale wamesimama wapi. Nyumba zetu za mawe, dari zake zinabebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ni urefu wa boriti. Mara nyingi haufiki hata mita tatu. Chumba ni kirefu, ndiyo, lakini urefu wake wote umejaa wanawake na watoto na sinia. Bibi harusi yuko ukuta huu, mimi nimebanwa ukuta wa pili, vidaka vinanichoma mgongoni. Kamera yangu ni ya sensa ndogo, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, kwa hiyo 85 inabana kama 128 kwenye kamera ya sensa kubwa. Nikapata pua na kikuba kimoja. Niliitumia harusi mbili. Halafu nikaifunga kwenye mahameli nikaiweka kabatini, naitembelea kama kaburi. Siku nilipoitoa kuimulika kwa tochi, ndani mlikuwa na utando kama wa buibui. Kuvu. Hewa yetu hii ya chumvi na unyevu haimwonei huruma mtu anayeficha vitu gizani. Basi nenda ukazimulike zako tano leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii ukipenda.

Kuna mtu napenda habari zake, Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Alikuwa na pumu, na kamera za wakati wake zilikuwa nzito, za kupigia picha kwenye vipande vya kioo badala ya filamu, na yeye alipenda kutembea milimani na kupiga picha. Kifua hakikumruhusu. Akatengeneza kamera ndogo inayokula filamu ya sinema, kiasi cha mwaka 1914, na mwaka 1925 ikaanza kuuzwa kwa jina la Leica. Ninachokipenda zaidi si hicho. Mwaka 1920 mto ulifurika mjini kwao, naye akatoka na kile kikamera chake akapiga picha watu na maji barabarani. Mpenda vyombo huyo, tena mkubwa kuliko wewe, lakini alitoka nyumbani.

Na hapa hapa Amu tulikuwa na marehemu Omar Said Bakor na studio yake. Alijifundisha mwenyewe, na mchezo wake ulikuwa kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja. Huko nako kulikuwa ni kuchezea vyombo, lakini mtu alitoka studioni na picha yake mkononi.

Tufike kwako. Fungua programu unayopangia picha, uitazame kila picha unayoipenda ilipigwa na lenzi gani. Kamera huandika hayo yenyewe ndani ya faili. Nikikisia, nyingi ni za lenzi moja. Hiyo ibaki nje. Kama huna hakika na sensa yako ni ndogo, chukua ya 35. Nyingine nne zifungie, funguo mpe mkeo, mwezi uandamapo huu mpaka uandame mwingine. Ukiziomba kabla ya siku hizo, mwambie akuulize picha gani imekushinda. Ukiweza kumjibu, akupe.

Stendi mbili uza, na mikoba. Kamera usiuze. Najua watu waliouza kwa hasira, mwaka haukwisha wakanunua tena, kwa bei juu. Na simu ni nzuri, lakini mtu aliyependa mlio wa shata hataridhika na kioo, atarudi kule kule kwenye video za saa nane.

Zamu ikikuruhusu, nenda karibu na jeti asubuhi, mashua za uvuvi zinaporudi. Jua la kwetu halina subira. Saa kumi na mbili na nusu ni dhahabu, saa tatu tayari kila uso una shimo jeusi chini ya nyusi. Siku ya kwanza acha kamera mkobani, salimia watu. Usirudi na jua likichomoza baharini, la Malindi limeshapigwa picha la kutosha na wageni wako wa hotelini. Tafuta akina mama karanga wanaponunua samaki wa kwenda kukaanga. Waombe ruhusa kwa mdomo, si kwa kuinua kamera. Tazama mikono yao inavyochagua: kidole kinafunua shavu la samaki kutazama wekundu, kinaachia, kinachukua mwingine. Mkono mmoja uufuate wiki nzima kwa hiyo lenzi moja.

Weka na kijidaftari. Kila picha uliyoikosa andika sababu. "Giza." "Mbali." "Nilikuwa nachezea vitufe." Mimi daftari langu neno lililojaa ni "nilichelewa", na dawa yake sijaiona Mombasa. Likijaa "giza" mpaka kurasa mbili kwa lenzi ya f/1.8, niandikie tena, nitakuruhusu ile ya f/1.4 kwa mdomo wangu.

Mwisho wa mwezi safisha picha kumi, saizi ya posta kadi, studio yoyote ya picha za pasipoti itakufanyia. Nane wapelekee wenyewe pale jeti. Mbili mpe mkeo azibandike ndani ya mlango wa kabati lake jipya.

SWALI

Bi, lenzi yangu imeota kitu cheupe ndani, mfano wa nyuzi. Je, itaziambukiza nyingine? Nifanyeje?

Msomaji, Shela

JIBU

Ni kuvu hiyo. Mbegu zake zimo hewani kila mahali, kwa hiyo kinachoziotesha ni unyevu na giza zaidi kuliko lenzi jirani. Hata hivyo itenge. Kama ni utando mwepesi, fundi anayejua kufungua lenzi anaweza kuusafisha. Ukikaa sana hutoa asidi inayokula rangi ya juu ya kioo, na hapo hakuna wa kukusaidia. Usiifungue mwenyewe, niliwahi.

Zilizobaki ziweke kwenye debe la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na si kwenye mkoba wa ngozi, maana ngozi hunyonya unyevu. Silika ya buluu ikigeuka waridi imeshiba maji: ikaushe kwa moto mdogo mpaka buluu irudi, kwenye sufuria ambayo hupikii chakula. Na kila wiki zitoe nje kwa muda wa saa moja, kivulini.