Mkate mweusi wa Ujerumani hauliwi kwa chai

Maswali ya Jikoni. Anajibu Mama Muokaji, Uyole, Mbeya

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Tukuyu, nimekuja Leipzig kusomea uuguzi. Kazi naiweza, lugha inakuja, ila mkate umenishinda. Ni mweusi, mgumu, mchachu, na mwingine una ladha ya dawa. Nikiuchovya kwenye chai haulainiki, unameguka tu na kuzama. Jioni mama mwenye nyumba anaandaa mkate, jibini na matango ya siki, hakuna hata kimoja kilichopita motoni. Nalala na njaa huku nimeshiba. Nikipika chapati zinakakamaa kabla sijamaliza donge la mwisho, na maandazi hayaumuki. Nifanyeje? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mwanangu, ugonile. Nimekaa mji huohuo wakati marehemu mume wangu akisoma, kwa hiyo kila unachokisema nakijua kwa ulimi wangu.

Nianze na lililo kubwa. Mkate wa huko si kitafunwa. Sisi wa Rungwe tumekulia chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, magimbi au viazi vitamu. Mkate ulikuja baadaye, ukaja kusindikiza chai, ndiyo maana tunautaka mweupe, laini na wenye sukari. Kwa Mjerumani mkate ndio ugali. Umewahi kuona mtu anachovya ugali kwenye chai? Basi kikombe kiweke pembeni.

Weusi na uchachu vina sababu. Mikate mingi ya huko ina Roggen, nafaka ya jamii ya ngano inayovumilia baridi na udongo duni. Unga wake hauvutiki kama wa ngano, kwa hiyo mkate hautuni sana. Tena una vimeng'enya vinavyovunja wanga wakati mkate uko tanurini, na bila uchachu ungetoka unanata katikati. Uchachu ndio unaovizuia. Kwa hiyo hukuuziwa mkate ulioharibika. Mkate wa Roggen hukaa siku kadhaa bila shida, wakati boflo letu kesho yake limeshakauka. Upo mwingine wa Westfalen, Pumpernickel, unaokaa kwenye moto mdogo saa 16 au zaidi, na weusi wake unatokana na kuiva polepole namna hiyo. Ladha unayoiita dawa nadhani ni kisibiti, mbegu zinazofanana na bizari nyembamba. Ukiona hazikupendezi, muulize muuzaji kabla hajakufungia.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi mmoja mjane, akinunua mkate aliugeuza na kuugonga kitako kwa vidole. Ukitoa mlio wa uwazi, umeiva. Kisha aliukumbatia kifuani na kuukata kwa kisu akikivutia kwake, nami roho juu, vipande vyembamba sana, siagi akaipaka mpaka ukingoni. Ule wembamba ndio unaoufanya mkate ulike. Wewe naona unakata kipande cha boflo. Waambie dukani wakukatie kwa mashine, halafu weka siagi, yai la kuchemsha na chumvi, au parachichi. Parachichi za kwetu Rungwe na Njombe zinauzwa hadi Ulaya, huenda ukakutana nazo sokoni.

Siku unayotaka chai yako kwa amani, tafuta Hefezopf, mkate wa kusukwa wenye maziwa, mayai na sukari. Huo chovya upendavyo. Maduka ya Waturuki nayo yana mkate bapa laini, na hiliki utaipata humohumo.

La jioni linanigusa zaidi. Mama mwenye nyumba hakunyimi. Familia nyingi za huko hula cha moto mchana, jioni wakaandaa mkate, na yeye amelelewa hivyo. Lakini wewe umeshinda wodini kwa miguu yako, na mtu wa nyanda za baridi kama sisi mwili wake unadai cha moto usiku. Mwambie. Usikae kimya kwa heshima ukakonda. Omba jioni mbili tatu kwa wiki uingie jikoni, upike maharage yenye mchuzi mzito kwa wote. Mkate ule mweusi ukichovywa kwenye maharage ya nazi, mwanangu, utanikumbuka.

Sasa chapati. Tazama namba kwenye pakiti ya unga. Type 405 maana yake gramu 100 za unga huo zikichomwa hubakiza majivu ya takriban miligramu 405, yaani pumba karibu zote zimeondolewa. Huo ni laini, wa keki. Chukua 550, ndio wa mikate, unavutika vizuri. 1050 una pumba zaidi, uache kwanza. Kanda na maji ya moto kiasi mkono unachoweza kuvumilia, chumvi na mafuta, donge liwe laini kuliko ulivyozoea. Funika nusu saa au zaidi. Kikaango kiwe cha moto kweli, kwa sababu moto mdogo haupiki chapati, unaikausha. Kila inayotoka ifunge kwenye taulo safi pamoja na wenzake.

Maandazi yanakushinda kwa sababu ya baridi. Mbeya Juni na Julai unga tunausogeza karibu na jiko, sivyo? Na hapa tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, unga unatuna haraka. Leipzig iko chini, mita mia moja na kidogo. Pakiti moja ya hamira kavu ya gramu 7 inatosha nusu kilo ya unga. Weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa ila taa yake inawaka, na usitazame saa. Subiri mpaka unga uwe maradufu.

SWALI: Habari za kazi mama. Hapa Makete tunaishi na kijana wa Kijerumani anayejitolea shuleni kwetu. Ugali anakula vizuri, ila mkate wa dukani anausifu kwa adabu halafu anauacha. Tumpe nini?

JIBU: Nzuri, baba. Anatafuta kitu cha kutafuna. Ngano mnalima wenyewe, basi pelekeni kidogo mashineni isagwe na pumba zake zote. Changanyeni unga na maji vuguvugu kwenye bakuli, mfunike, na kila siku mpunguze kidogo na kuongeza unga mpya na maji mpaka utoe povu na harufu ya uchachu. Kwa baridi ya Makete itachukua wiki au zaidi. Kandeni unga uliobaki na chachu hiyo na chumvi, bila sukari, uachwe usiku kucha, kisha okeni kwenye sufuria nzito, makaa chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Kijana mwenyewe akande. Ukitoka motoni uachwe upoe kabisa kabla ya kukatwa, maana ukikatwa wa moto unanata kwenye kisu na ndani unaonekana mbichi.