Re: Niache ualimu niende chuo cha Biblia?

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umeuliza kama ndoto uliyoota mara mbili inatosha kukufanya uache ajira, ilhali mumeo anasita.

Anza na mumeo. Mimi nilipoguswa kuingia uinjilisti, mke wangu aliogopa ada za watoto, na hofu yake ilikuwa na msingi. Tulifunga tukaomba, tukaweka daftari la matumizi mezani, ndipo tukasogea.

Kisha nenda kwa mchungaji na wazee wa kanisa. Katika Matendo ya Mitume 13, Barnaba na Sauli (ndiye Paulo) walitengwa kwa ajili ya huduma, kanisa la Antiokia likiwa katika ibada na kufunga. Na Matendo 16, Paulo alizuiwa na Roho kuhubiri Asia (jimbo la Kirumi, si bara), akazuiwa kuingia Bithinia, halafu usiku kule Troa akaona maono ya mtu wa Makedonia akimwita. Hata hapo, waliopata uhakika wa kwenda Makedonia ni yeye pamoja na wenzake. Ndoto yako mimi siwezi kuitafsiri. Wanaokujua ndio waipime.

Je, kanisani kwako unahudumu wapi sasa? Kama bado, omba darasa la shule ya Jumapili uone moyo wako unavyoitikia. Na barua ya kuacha kazi usiiandike kabla ya kuulizia likizo bila malipo au masomo ya jioni.