Barua kwa mwanangu: udaktari wa meno nautaka mimi au unautaka wewe?

Mwanangu, marahaba. Ile voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara nne, ya mwisho nikiwa nimekaa jikoni peke yangu taa imezimwa. Umeniuliza "mama, hivi huu udaktari wa meno nautaka mimi au unautaka wewe?" na ukasema umepata vyuo viwili, udaktari wa meno (DDS) Muhimbili na famasia kule kwingine, na mpaka sa hivi hujathibitisha chochote TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unashtuka saa tisa za usiku unawaza. Sikukupigia kwa sababu ningelia, na we ukinisikia nalia unakubali kitu chochote ili ninyamaze, nakujua. Ndo maana naandika.

Jibu ni kwamba mwanzo ulikuwa wangu, sikufichi.

Wewe umekua unaona meno yangu hivi yalivyo, ya kahawia na vishimo vishimo, ukadhani labda hayakusafishwa utotoni. Yalisafishwa sana. Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa nayasugua kwa mkaa na mchanga mpaka fizi zinatoa damu, hayakubadilika hata kidogo maana ile rangi haiko juu, imeingia ndani ya jino lenyewe, jino linaota tayari lina udhaifu. Ni maji yetu haya ya huku Meru, Arusha, yanapita kwenye mawe ya volkano yanabeba floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, afu na magadi tunayopikia maharage na makande nayo yana floridi yake. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4, na kuna visima huku vinapita hata hapo. Mtoto akinywa hayo maji wakati meno ya ukubwani yanajitengeneza chini ya fizi, ndo basi. Nilipofika chuo cha ualimu mkoa mwingine nilijifunza kucheka nimeziba mdomo na mkono. Picha za harusi yangu zipo kabatini, nenda kaziangalie siku ukija, hakuna hata moja nimetabasamu, na baba yako alikuwa ananichekesha makusudi pale mbele ya kamera.

Ulipozaliwa nikaapa. Unalikumbuka lile pipa la bluu chini ya mfereji wa bati? Watu walidhani nakinga maji ya kufulia. Yale yalikuwa maji yako ya kunywa na ya uji wako, mvua ikikata nilikuwa napanda pale Ngurdoto nilikoonyeshwa namna wanavyochuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, nikarudi na mimi nachuja kwenye ndoo. Miaka minane sikuweka magadi kwenye chakula chako, bibi yako akawa ananinunia anasema maharage hayaivi na gesi inaisha. Yalipotoka meno yako ya mbele ya ukubwani yakiwa meupe nilikuita nje kwenye jua nikayaangalia mpaka ukachoka kufungua mdomo. Kuanzia siku ile nikaanza kusema kwa kila mgeni, huyu atakuwa daktari wa meno. Ulikuwa na miaka saba mwanangu, hukuulizwa. Hilo nakuomba samahani, na naliomba kwa kumaanisha.

Sa kwa hiyo kama ni kuniogopa mimi, liondoe kabisa kwenye hesabu. Ukisoma famasia sitakununia, na hakuna mtu wa ukoo atakuja kukusema nikiwa hai.

Ila kuna mengine ulisema kwenye ile voisi ambayo hayanihusu mimi, na hapo siwezi kunyamaza.

Umesema rafiki zako wanakwambia daktari wa meno siyo daktari. Hili limeniuma kwa sababu ya mjomba wako. We ulikuwa bado mdogo, tulikwambia tu mjomba amelazwa. Alikuwa na jino la mwisho la chini limeoza, wiki mbili anaweka karafuu na kumeza vidonge vya maumivu vya duka la dawa, anasema nikipata nafasi nitaenda kung'oa. Ijumaa usiku akaletwa kwangu kwa bodaboda. Chini ya kidevu pamevimba na pamekuwa pagumu kama ubao, ulimi umenyanyuka juu, mdomo haufunguki, mate hawezi kumeza yanamdondokea kwenye taulo alilolishika kifuani, akiongea ni kama ana kiazi cha moto mdomoni. Tulipofika hospitali aliyeitwa ni daktari wa meno, dada mdogo tu, amekuzidi wewe wa sasa miaka michache. Alimpasua chini ya taya, usaha ukatoka, nimeuona kwa macho yangu kwenye beseni na ile harufu sijaisahau, akamwekea mpira wa kutolea usaha uliobaki, dripu za antibayotiki, baadaye jino likatoka. Akanitoa nje akanieleza kwamba uvimbe ule ulikuwa unaelekea kuziba njia ya hewa na tungesubiri asubuhi tungezika. Jino moja tu hilo. Kwa hiyo kama unakataa meno, ukatae kwa sababu yako nyingine, siyo hiyo ya rafiki zako. Halafu pale Muhimbili wamefundisha madaktari wa meno tangu 1979, ni miaka mitano, na mwanzoni mnasoma anatomia na fiziolojia kama wenzenu wa MD, wale wa udaktari wa binadamu, kisha mwaka wa intanshipu, mafunzo ya kazini hospitalini. Wanaosema ni kozi ya mchezo wakaulize waliopita.

Hela na ajira sina la kukufariji. Wapo wahitimu wako mtaani wanasubiri, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ukianza kazi wanakata asilimia 15 ya mshahara, hiyo ni kozi yoyote ile utakayosoma. Mashine za kliniki ya meno ni ghali, usidanganywe kwamba unamaliza leo kesho unafungua yako.

Lililobaki ndo kubwa, ulilolisema kwa sauti ya chini kama vile unaona aibu. Kwamba ukijiwazia umeinamia midomo ya watu miaka thelathini, mate, damu, harufu, unasikia kichefuchefu. Hili hapa mimi na mama yako mdogo na hao rafiki zako wote hatuwezi kukujibia. Nilitaka kukukumbusha ulivyomtoa bibi mwiba wa mchongoma kwa sindano, taratibu, yeye anaendelea kusimulia hadithi hata hajashtuka, nikajizuia, maana nitakuwa nimeanza tena kukusukuma. Na yule dada aliyempasua mjomba nilimuona asubuhi yake anajikanda shingo ukutani, kazi ya kuinama ile inaumiza shingo na mgongo, hilo nalo ulijue.

Nilichofanya, na usinikasirikie, nimeongea na mama yako mdogo. Hapo karibu na kwake kuna hospitali ya wilaya na anafahamiana na daktari wa chumba cha meno, amekubali ukae pembeni siku tatu kuanzia Jumatatu, uvae barakoa, usiguse kitu, uangalie tu. Angalia wanavyochoma ganzi, angalia mtoto anavyolia, angalia mtu aliyeingia ameshika shavu anavyotoka. Usikimbie siku ya kwanza hata ukizimia, siku ya kwanza kila mtu anazimia. Kama siku ya tatu bado tumbo linakataa, thibitisha famasia hapo hapo na usiombe ruhusa kwangu. Kama utajikuta umesogeza kiti ili uone vizuri, basi nalo utaliona mwenyewe.

Dirisha la kuthibitisha bado lipo wazi, nimemuuliza mwalimu mwenzangu mwenye mtoto anayesubiri kama wewe. Nauli nimekutumia elfu kumi na tano, nunua na maji ya kunywa. Jumatano jioni nipigie, usianze na salamu za nyumbani, huku wote wazima, anza na ulichokiona. Na lile pipa la bluu bado liko pale pale, limetoboka chini halishiki maji tena, kuku wanatagia humo, nimeshindwa kulitupa.

Mama yako.