DJ hajatokea, umekalishwa wewe: wataalamu wa muziki wanajibu

SWALI: Salaam wahariri. Kwenye sherehe yetu ya kufunga mwaka DJ hakutokea, na kwa kuwa najulikana kwa nyimbo nyingi kwenye simu, nikakalishwa mezani. Ukumbi ulikuwa na mikisa ndogo (mashine ya kuchanganyia sauti) na spika mbili za kuchomeka umeme. Nilipounga simu, magitaa na vinanda vilisikika, ila mwimbaji na besi vilimezwa. Nikahamia laptopu, ukaja mngurumo usiokwisha. Na watu hawakuinuka hadi saa 4 usiku. Nimeshaambiwa Pasaka ni mimi tena. Tatizo ni nini?
Mhasibu, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu mhasibu, simu haikuwa na kosa, wala spika. Kosa la kwanza ni waya. Sauti ya simu hutoka kwa njia mbili, kushoto na kulia, ndani ya plagi moja ndogo. Ukitumia waya unaoishia na plagi moja kubwa na kuichomeka kwenye chaneli moja ya mikisa, yaani tundu moja la kuingizia sauti, chaneli hiyo hufanya hesabu ya kutoa: upande mmoja kutoka kwa mwingine. Kilichorekodiwa sawasawa pande zote mbili, yaani mwimbaji, besi na ngoma kubwa, kinafutika. Vinabaki vya pembeni. Dawa ni waya wa Y: huku plagi ya milimita 3.5, kule plagi mbili, kila moja na chaneli yake. Nunua wako, usitegemee wa ukumbi, na kama simu haina tundu la hedifoni beba adapta.

Mngurumo ulitoka kwenye chaja. Ichomoe, ukikoma, umempata mchawi. Laptopu ikila soketi moja na mikisa soketi nyingine ya mbali, waya za ethi (zile za usalama ziendazo ardhini) hukutana kupitia waya wa sauti, na mzunguko huo ndio unaonguruma. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au jaza betri nyumbani upige bila chaja. Kuna mafundi wanaokata mguu wa ethi kwenye plagi. Mngurumo utaondoka kweli, lakini atakayeshika maiki anaweza kupigwa shoti.

Unapowasha, anza na laptopu, kisha mikisa, spika mwisho. Unapozima, spika kwanza. Ukigeuza mpangilio huo utasikia kishindo, na kishindo ndicho kinachoua spika. Weka sauti ya simu kwenye 80 hadi 90 kwa mia, halafu zungusha nobu iliyoandikwa GAIN mpaka taa zicheze kwenye kijani na njano iguse mara mojamoja. Nyekundu ikiwaka, sauti inakwaruza na spika ndogo za juu zinaungua. Watu wakilalamika kuwa muziki uko chini, pandisha sauti kuu, GAIN iache.

Simu iwe kwenye hali ya ndege, na nyimbo ziwe zimeshapakuliwa. Hakuna kinachokata stimu kama mlio wa WhatsApp kwenye spika mbili kubwa.

Sasa hilo la watu kukaa, ambalo ndilo kubwa. Kwa wastani wa dakika 4 kwa wimbo, saa moja inakula nyimbo 15. Sherehe ya saa 1 hadi saa 5 usiku inakula 60. Andaa 100, ukizigawa kwenye mafungu kwa kufuata ratiba ya mshereheshaji. Wakati wa chakula piga zilipendwa na rumba, sauti ya chini kiasi kwamba watu wawili wanaongea bila kuinamiana. Rumba inapokaribia kuingia kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi ya kuchezea, badilisha wimbo: sebene ikipigwa watu wakiwa na sahani mkononi imeharibika bure, na baadaye utaihitaji. Kama msikiti uko jirani, shusha muziki wakati wa adhana bila kusubiri kuambiwa.

Baada ya hotuba na zawadi, usianze na wimbo uliotoka wiki iliyopita. Wafanyakazi wa ofisi moja wanaoneana aibu. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza mbele ya bosi. Anza na Bongo Fleva za miaka 10 au 15 nyuma, ambazo kila mtu anazijua kuanzia kiitikio. Kabla ya hapo omba kamati ipunguze taa na isogeze meza mbili za mbele. Nyimbo tatu zikipita bila mtu kuinuka, rudi kwenye rumba, safari hii uanzie kwenye sebene yenyewe.

Panda polepole. Bongo Fleva nyingi ziko karibu na mapigo 100 kwa dakika, amapiano 110 hadi 115, kwa hiyo kutoka moja kwenda nyingine hakuna anayejikwaa. Singeli inapita 200, na hapo wengi huharibu. Ukitoka kwenye amapiano ya 112 kuingia singeli ya 210, mguu unapotea. Shuka kwanza kwenye wimbo wa 105, kisha ingiza ile ya 210: ni mara mbili kamili, na pigo linakaa. Piga tatu au nne tu, karibu na mwisho, maana watu wa kazi za mezani hawana pumzi ya zaidi.

Na sikiliza mashairi yote nyumbani kabla ya siku yenyewe. Wimbo unaochekesha kwenye baa unaweza kukuitisha ofisini Jumatatu.

SWALI: Tuna watu 60 na spika mbili za bluetooth za kampuni tofauti. Zitatosha?
Katibu wa kamati, Mwanza

JIBU: Kwa chakula na maongezi, ndiyo. Kwa kucheza, hapana, kodini. Isitoshe, spika mbili za aina tofauti haziendi pamoja, moja itachelewa na ukumbi mzima utasikia mwangwi. Bluetooth nyingi zinashika kama mita 10, na miili ya watu inapunguza hata hizo. Ungeni spika iliyo kubwa kwa waya, nyingine ipumzike.

SWALI: Kila bosi akishika maiki inapiga mluzi. Nifanyeje bila kumwaibisha?
Mfanyakazi, Mombasa

JIBU: Maiki inasikia spika, spika inarudisha, na duara halikatiki. Kabla ya wageni kufika, sogeza spika mbele ili anayeongea awe nyuma yake, uziinue zipite vichwa vya watu. Bonyeza kitufe cha kukata besi kwenye chaneli ya maiki, kama kipo. Bosi akizunguka na maiki mbele ya spika, mwambie mshereheshaji amwite jukwaani kwa heshima zote, nawe ushushe GAIN ya maiki kidogo. Akikikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, mluzi utarudi. Hilo mwonyeshe mapema, ukimkabidhi umeshika mpini.