Moynaq, bandari iliyokimbiwa na maji: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanahusu Moynaq, mji wa Karakalpakstan, magharibi ya Uzbekistan, uliokuwa bandari ya uvuvi ya Bahari ya Aral.

Nikifika Moynaq nitaiona bahari? (Msomaji, Mwanza)

Hutaiona. Ukisimama kwenye mnara wa kumbukumbu ulio ukingoni mwa mji, mahali palipokuwa ufuko, mbele yako ni mchanga, vichaka na meli zenye kutu. Maji yako zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Mwaka 1960 Aral ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 hivi, karibu sawa na ziwa lenu la Victoria. Iliishi kwa mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, na serikali ya Kisovieti iliielekeza kwenye mifereji ya kumwagilia pamba. Mifereji mingi haikusakafiwa, kwa hiyo maji mengi yalipotelea ardhini kabla hata ya kufika shambani. Moynaq walichimba mfereji kuifuata bahari ili meli ziendelee kutoka. Bahari ikawashinda mbio. Kiwanda cha samaki kiliendelea kwa muda kusindika samaki waliogandishwa walioletwa kwa reli kutoka bahari za mbali.

Njia rahisi ya kufika ni ipi?

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, pitia Dubai au Istanbul hadi Tashkent, kisha ndege ya ndani hadi Nukus, mji mkuu wa Karakalpakstan. Treni ya Tashkent–Nukus ipo na ni nafuu, lakini inakula usiku mzima na sehemu kubwa ya mchana. Nukus hadi Moynaq ni kilomita 200 hivi za barabara, kama saa tatu. Teksi za kushirikiana huondoka zikijaa, na shida huwa ni kurudi: baada ya mchana abiria wa kujaza gari ni wachache. Kama huna mpango wa kulala Moynaq, elewana na dereva mmoja kwenda na kurudi, na akusubiri. Badilisha fedha Nukus kabla ya kuondoka, na ubebe noti za dola zisizochanika wala kuandikwa. Droni iache nyumbani, maana kuiingiza nchini bila kibali ni kujitafutia kesi. Na dawa zenye kodeini au tramadoli zina sheria kali huko, hata kama kwenu zinauzwa dukani.

Meli zile zinaruhusiwa kupandwa?

Watu hupanda, lakini mabati yameliwa na kutu na sakafu inaweza kukatika chini ya mguu. Chanjo ya pepopunda iwe hai. Jambo ambalo picha hazisemi ni kwamba meli hizi kama kumi zilikusanywa hapo. Nyingine nyingi zilikatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Anza na jumba la makumbusho, penye picha za bandari ikifanya kazi na makopo ya samaki ya kile kiwanda. Ukishuka kuziendea meli baadaye utajua unatazama nini.

Nataka kuogelea kwenye Aral yenyewe. Nijiandae vipi? (Msomaji, Mombasa)

Hiyo ni safari nyingine kabisa, na ni ya siku mbili. Unahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne pamoja na dereva anayeijua njia, kwa sababu sehemu kubwa haina barabara, na mvua ikinyesha sakafu ya bahari ya zamani hugeuka utelezi unaomeza matairi. Gharama ni mamia ya dola kwa gari zima, basi tafuta wenzako wa kuchangia. Mzunguko mzuri ni kwenda kupitia Moynaq na jangwa la Aralkum, kulala kwenye hema la duara karibu na maji, kisha kurudi juu ya uwanda wa Ustyurt na kupitia ziwa Sudochye. Pasipoti isibaki hotelini.

Maji ya Aral yaliyobaki upande huu, wa magharibi, yana chumvi zaidi ya gramu 100 kwa lita. Bahari ya Hindi ina kama 35. Utaelea bila kujitahidi, ila kidonda chochote kitakuchoma na jicho likiingiwa ni kilio. Usinyoe siku hiyo. Ukingoni kuna tope jeusi linalonasa mguu hadi kwenye kifundo au zaidi, kwa hiyo vaa yeboyebo zilizokaza, kandambili zitabaki humo. Beba dumu la lita 10 za maji matamu kwa kila mtu, ya kujisuuza peke yake. Chumvi ikikaukia mwilini huwasha njia nzima.

Miezi gani inafaa?

Aprili–Mei na Septemba–Oktoba. Kiangazi hupita nyuzi 40, na baridi hushuka chini sana ya sifuri. Upepo ukivuma, vumbi lake lina chumvi na mabaki ya dawa za mashamba ya pamba: barakoa ya kubana, na miwani badala ya lenzi za macho.

Chakula halali kinapatikana?

Bila shida, wenyeji wengi ni Waislamu. Uliza tu kama nyama ni ya farasi, ikiwa huipendi. Jaribu donge za unga wa mtama zinazoliwa na nyama na mchuzi wake.

Nimesikia bahari inarudi. Ni kweli?

Kweli, lakini upande wa Kazakhstan tu. Bwawa la Kok-Aral lililokamilika mwaka 2005 linazuia maji ya Syr Darya yasitoroke kusini. Aral ya kaskazini ikapanda, chumvi ikapungua, wavuvi wakarudi kazini. Anayetaka kuona hilo aende Aralsk, mji wa Kazakhstan ulio kwenye reli ya zamani ya Orenburg–Tashkent. Usipange kuvuka moja kwa moja kutoka Moynaq: katikati ni jangwa na mpaka. Rudi Tashkent, vuka kwa viza au ruhusa ya Kazakhstan, kisha panda treni.