Pikapu ya mazutu (dizeli) isiyoitika mlimani

Ndugu yangu, kwa kuwa umesema gari linakwenda vizuri ndani ya Goma lakini linakosa nguvu likianza kupanda kutoka Sake kuelekea Masisi, hata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, usikubali fundi akuuzie pampu mpya ya mazutu kabla hamjatazama moshi. Moshi mweusi huonyesha kwamba mazutu inafika ila hewa ni pungufu: fungua filta ya hewa, ambayo vumbi letu jeusi la volkano huiziba upesi, kisha pitisha kidole chini ya mipira ya hewa ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini), hasa kwenye vibano, kwani mpira uliopasuka huacha utando wa oili na hupuliza kwa sauti injini inapobeba mzigo. Pasipo moshi, mimi ningeshuku filta ya mazutu. Mwaga kidogo kutoka chini yake ndani ya chupa angavu, uiache itulie, na maji yakiwemo utayaona yamejitenga chini. Taa ya injini ikiwaka, hilo ni jambo jingine: kwenye magari ya kisasa kihisi cha kanyagio la mafuta hutuma ishara mbili, na zisipolingana kompyuta huipunguzia injini nguvu kwa makusudi, kwa hiyo tafuta kwanza mwenye skana, yaani mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari.